Kigeuzi cha Shemeji

Saa nane mchana Garissa, feni ndiyo inayoongoza bendi. Ukiizima ili usikilize muziki, utausikiliza ukiwa umelowa jasho, na kabla ubeti wa pili haujaisha utasikia sauti kutoka chumba cha pili ikiuliza nani kazima feni. Ukiiwasha, kila wimbo, uwe wa kaban, ule udi wa Kisomali, au wa taarab, unapata mpigaji wa ziada asiyejua mdundo.

Humo ndimo alimoingia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliposhuka kwenye basi la Nairobi amepakata boksi kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na kigeuzi, yaani kile kidude kinachopokea tarakimu za muziki kutoka kwenye simu au kompyuta na kuzifanya umeme unaopanda na kushuka, ili amplifaya na spika zipate la kusema. Kila simu inacho chake tumboni, lakini cha simu, kwa mujibu wa shemeji, ni takataka. Bei ya chake hakuitaja mbele ya dada yake. Mimi nilikadiria kwa mbuzi, na kila nikikadiria zizi lilizidi kupungua.

Mpinzani wa kigeuzi hicho alikuwa adapta yangu, nayo kigeuzi pia, kijiwaya cha urefu wa kidole nilichonunua Soko Mugdi kwa bei ya sahani mbili za pilau.

Tulipochomeka kile kikubwa kwenye laptopu, spika zilianza kunguruma hata kabla ya wimbo. Shemeji akasema ndiyo sauti yenye joto hiyo. Garissa, mtu kusifia joto! Nikachomoa chaja ya laptopu, ngurumo ikakatika papo hapo. Stima yetu huyumba mara 50 kwa sekunde, na vyombo vikishika ardhi kwa njia mbili tofauti, kule kuyumba hupenya mpaka kwenye spika. Laptopu ikahamia kwenye betri yake. Shemeji alinuna kidogo. Nadhani alikuwa ameshaizoea ile ngurumo.

Kisha kulikuwa na suala la nguvu. Vigeuzi vya mezani kwa kawaida hutoa kama volti 2. Vijiwaya kama changu, kama volti 1. Chenye kelele zaidi daima huonekana kitamu zaidi, na wauza redio wanalijua hilo vizuri. Nikaazima mita kwa fundi jirani, nikapiga mlio mmoja mnyoofu ili nivisawazishe. Mbuzi wa jirani wakasimama langoni wameinua masikio. Baadaye akaja mtoto, katumwa na mamake kuuliza kama friji yetu inakufa.

Viliposawazishwa, shemeji alifumba macho kwa muda mrefu. Mwishowe akasema kile kikubwa kina hewa baina ya noti. Hewa kweli ilikuwapo, maana feni ilikuwa namba tatu.

Sikutaka kumkatisha tamaa. Tangu sidii zianze kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huwekwa kwenye moja ya ngazi 65,536. Siku hizi hata kigeuzi cha bei ndogo, kikiwa kizima, huipanda na kuishuka ngazi hiyo bila kujikwaa. Masikio ya shemeji, kwa upande wake, yamekaa miaka mingi dukani kando ya jenereta.

Aliyetuamua ni mama mkwe. Tulikuwa tumeweka wimbo wa zamani wa kaban, wa zile kanda zilizopitishwa mkono kwa mkono. Hargeisa ilipopigwa mabomu mwaka 1988 kuna kanda za redio zilizozikwa ardhini zisiangamie. Wa kwetu haukuwa na historia tukufu hivyo, ulinakiliwa tu na jamaa wa jamaa. Mama akasimama mlangoni na tasbihi yake.

"Warya, nani huyo anayeimba?"

Shemeji akamtaja mwimbaji.

"Siye. Labda mdogo wake."

Shemeji, amefadhaika, akahamishia waya kwenye adapta yangu. Mama akasikiliza tena.

"Huyo huyo mdogo wake."

Mama alikuwa sahihi. Wimbo ule aliujua redioni akiwa msichana, na sauti ilikuwa nzito zaidi. Mtu fulani, mahali fulani, aliunakili kwa rekoda yenye betri zilizochoka. Kanda ikatembea polepole wakati wa kunasa, na ilipochezwa kwa mwendo wa kawaida mwimbaji akaharakisha na kurudi ujanani. Ndivyo ulivyoingizwa kwenye kompyuta. Vigeuzi vyote viwili, cha mbuzi na cha pilau, vilikuwa vikitusomea kwa uaminifu mkubwa uchovu wa betri za mtu tusiyemjua.

Nikafungua programu nikaupunguza mwendo kidogo kidogo. Nilipofika asilimia nne Mama akainua mkono.

"Basi. Hapo. Huyo ndiye."

Akataka awekewe kwenye simu yake. Akaondoka nao barazani, spika ya simu ikilia kama nyuki kwenye kopo, akiimba pamoja naye bila kukosa neno.

Shemeji alikuwa anarudisha kigeuzi kwenye boksi, bila haraka. Anasema sasa ameelewa: tatizo ni waya. Kuna mtu Eastleigh anaziuza.