Ombi la Behewa la Mihuri

Mheshimiwa Mshika Muhuri,

YAH: KUONGEZWA BEHEWA LA MIHURI KATIKA TRENI YA DODOMA–DAR ES SALAAM

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhitimu wa chuo kikuu cha umma, mwenye shahada moja, transkripti moja na mihuri isiyotosha kuvivusha vyeti vyangu nje ya nchi. Nakuandikia nikiwa nimesimama, kwa kuwa benchi la ofisi yako lina nafasi ya watu wanne, na wanne hao waliwahi kabla ya adhana ya alfajiri.

Kwanza naomba nikushukuru. Bila wewe nisingejua kwamba natiliwa shaka. Chuo ni cha serikali, ada ililipwa kwa mkopo wa serikali, na siku ya mahafali mgeni rasmi aliletwa kwa msafara wa serikali, ving'ora vikilia. Baada ya yote hayo serikali hiyohiyo inanitazama kupitia tundu la dirisha na kuniuliza hiki cheti nimekitoa wapi.

Utaratibu nimeushika sasa. Wakili anagonga kuthibitisha kwamba nakala inafanana na cheti halisi. Wewe wa wizarani unagonga kuthibitisha kwamba saini ya wakili ni ya wakili mwenyewe. Ubalozi unagonga kuthibitisha kwamba saini yako ni yako. Nikifika niendako, wizara yao itagonga kuthibitisha kwamba ubalozi wao ni ubalozi wao. Mnathibitishana vizuri sana. Anayefungua daftari la chuo kutazama kama nilisoma, sijamwona.

Utasema: vyeti feki. Kweli, tatizo lipo. Mwaka 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na nchi ikashika kichwa. Lakini walibainikaje? Vyeti vyao vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Kumbukumbu ndizo zilizosema. Mihuri yote iliyowahi kupigwa juu ya nakala zao kwa miaka ile yote ilikuwa imenyamaza kimya, mizuri, ya bluu, ya mviringo.

Sasa ombi langu. Serikali ilihamia Dodoma, balozi zikabaki Oysterbay, Masaki na Upanga. Kwa kuwa cheti changu kinaishi njiani, naomba kiishi kwa heshima. Tuwekewe behewa.

Nimelifikiria kwa kina. Likae nyuma kabisa, ili abiria wa kawaida wasisikie vishindo. Kidau cha wino kifungwe kwa kamba, kama kalamu za benki, maana treni ya umeme inaweza kufika kilomita 160 kwa saa na sitaki muhuri uteleze ukatue juu ya ufaulu wangu wa mwaka wa pili, ambao tayari una matatizo yake. Tukitoka tu Dodoma, wakili aanze. Tukiyamaliza mahandaki ya Kilosa, zamu yako. Morogoro apande afisa wa ubalozi na faili lake la sampuli za saini, akae, avae miwani, autazame mkia wa saini yako, kisha aseme kwa upole kwamba sampuli aliyonayo ni ya ofisa aliyehamishwa. Hapo ndipo utakapoona ubora wa mpango wangu: huyo aliyehamishwa naye atakuwemo behewani, kiti cha dirishani, akilipwa posho ya safari, kazi yake ikiwa moja tu ya kuthibitisha kwamba kweli alihamishwa.

Mhudumu apite na kitoroli: maji, korosho, namba ya malipo. Mtandao ukikatika karibu na Ruvu, treni isimame mpaka urudi. Abiria wengine watatuvumilia. Nani hana mhitimu nyumbani? Wenye vyeti vilivyolaminishwa wateremshwe Pugu bila majadiliano, kwa sababu muhuri haushiki kwenye plastiki. Wasilie. Ni mama zao waliovikimbiza stesheneri siku ileile ya mahafali, vigelegele havijakauka, ili mende wasije wakavila. Upendo wa namna hiyo haukubaliki kisheria.

Mengine ni madogo, ya hapo ofisini kwako. Mashine ya kutoa kopi iwe ndani ya jengo, isiwe ng'ambo ya barabara chini ya mwembe. Kile kikao ambacho ofisa wako yumo tangu wiki iliyopita kiahirishwe walau saa ya chakula. Na yule mlinzi apandishwe cheo, kwa kuwa ndiye pekee anayejua karatasi gani zinatakiwa.

Jambo moja limenishinda kulimeza. Tangu sheria ya mikopo ya elimu ya juu irekebishwe mwaka 2016, mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mimi nakatwa. Hakuna aliyetaka nakala iliyothibitishwa na wakili. Hakuna aliyehoji kama kweli nilisoma kile chuo. Kwenye kunidai mnanijua mpaka jina la babu. Kwenye kunitambulisha kwa wageni, mnasema hebu kwanza tukuchunguze. Mwajiri wa huko nje alisubiri karatasi zangu, akasubiri tena, kisha akaniandikia kwa adabu kwamba nafasi imepata mtu. Mnatuhubiria kila siku tuchangamkie fursa za nje, halafu fursa yenyewe mnaiweka chini ya kikombe cha chai cha mtu aliyetoka kidogo. Huu si umakini. Ni dharau, na mnatulipisha ada ya kudharauliwa.

Niwie radhi, Mheshimiwa. Nilipaza sauti dirishani, na kibao kimekataza.

Iwapo behewa ni gharama, kuna njia ya bei nafuu. Upo Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, ambao nchi wanachama wake hukubaliana cheti kimoja tu cha uthibitisho, apostili, na safari ya balozini ikaishia hapo. Malawi wamo tangu 1967. Burundi ulianza kutumika 2015, Rwanda 2024. Na huko tunakotafuta kazi na masomo wamo pia: Oman, Saudia, China. Majirani zetu hao wanagongewa mara moja wanapanda ndege, sisi tunauliza foleni inaanzia wapi.

Tunaomba mjiunge. Kalamu ipo hapo dirishani, imefungwa kwa kamba. Na mkishasaini, tafadhali sana, msitutume tukaithibitishe saini hiyo.

Wako mtiifu,
Mhitimu (nakala halisi)