Muulize Mjomba Mdundo: Kiki Yangu Haina Ngumi

Wiki hii mkoba wa barua umefurika maprodyuza wanaolilia kiki, ile ngoma nzito ya chini. Wenye kesi za mahari na mawifi naomba mnivumilie hadi toleo lijalo, isipokuwa bibie mmoja ambaye ndoa yake imegongana na mada yenyewe.

*Mjomba, shikamoo. Nina diski yenye sampuli za ngoma elfu arobaini. Kila nikitaka kuanza wimbo wa kuchezeka nafungua folda ya kiki, nasikiliza moja moja hadi adhana ya alfajiri, na wimbo haujaanza. Nikipata inayonivutia, nikiiweka kwenye biti inalegea. Nipakue nyingine? — Tajiri wa Folda, Mbagala*

Marahaba, mpwa wangu. Wewe umeshaacha uprodyuza, umekuwa mtunza bohari. Sampuli elfu arobaini, ukizipa sekunde tatu tatu, zitakula saa 33 bila kulala wala kwenda msalani. Na sikio halidumu hivyo. Likishachoka, kila kiki yenye sauti kubwa kidogo kuliko iliyotangulia linaiona ndiyo bora, na hapo ndipo unapodanganyika: umechagua kelele ukidhani umechagua ngumi. Kabla ya kulinganisha kiki mbili, zishushe au zipandishe mpaka zilingane kwa sauti. Wengi walioonekana mabondia utakuta ni wapiga kelele tu.

Sasa wasikie waliotangulia. Watu wa kampuni ya Roland walitoa mashine ya ngoma TR-909 mwaka 1983, wakaacha kuitengeneza 1985 kwa kuwa haikununulika sana. Ina sauti 11 tu. Kiki ni moja. Vijana wa Chicago na Detroit wakaziokota kwa bei ya mitumba, na humo wakajenga house na tekno. DJ Frankie Knuckles wa Chicago aliipata ya kwake kwa Derrick May wa Detroit. Kiki moja, mpwa wangu, na dunia nzima ikacheza.

Siri yao ilikuwa vile vitufe vya kuzungusha juu ya mashine. Kiki ya 909 inaanza na mlio mfupi mkali, kisha sauti yake inaporomoka kwa kasi kutoka juu kwenda chini, ndipo unafuata mkia wa besi. Kifua hupigwa na ule mwanzo. Mkia unajaza chumba tu. Kwa hiyo ukisikia kiki imelegea, usikimbilie kuongeza besi. Sikiliza mwanzo wake upo au umekatwa na aliyeirekodi vibaya. Ikiwa umepakua faili la MP3, huenda mwanzo huo umeshapakwa matope wakati wa kubanwa. Tafuta WAV.

Dawa yako: chagua kiki kumi, ziweke kwenye folda yake, diski iliyobaki mpe mdogo wako aiwekee picha za harusi. Na usizijaribu zikiwa peke yake. Zijaribu huku besi na haihati zikilia, maana kiki nzuri ya upweke mara nyingi huwa haijui kuishi na watu.

*Mjomba, natengeneza singeli. Nimeweka kiki nzito ya 808 kama wanavyofanya Wamarekani, wimbo wote umekuwa uji. — Mwenye Haraka, Manzese*

Fanya hesabu kabla ya kulaumu spika. House ikienda mapigo 125 kwa dakika, kati ya pigo na pigo kuna karibu nusu sekunde. Singeli ikifika 240, unabaki na robo sekunde. Kiki ya 808, mashine nyingine ya Roland, ukiiachia mkia wake wote inavuma kupita nusu sekunde, kwa hiyo ya pili inaingia ya kwanza ikiwa bado sebuleni, ya tatu inakuja wote wawili wamekaa. Marvin Gaye aliitumia mashine hiyo kwenye "Sexual Healing" mwaka 1982, lakini ule ni wimbo wa mtu asiye na haraka yoyote. Wewe una haraka, tena umeiandika kwenye jina.

Kata mkia. Ukate mpaka uone aibu, kisha kata tena kidogo, na mwishoni uufifishe ili usitoe mlio wa kuchanika. Halafu sikiliza kazi za Sisso Studio ya Mburahati, zile zilizokusanywa kwenye *Sounds of Sisso* iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017. Mle mapigo yamekauka, mafupi, na kila moja linapata nafasi ya kupita. Kwako wewe Manzese hadi Mburahati ni mwendo wa miguu, sielewi kwa nini uliiga Marekani.

*Mjomba, nimebebanisha kiki tatu nzito ili nipate moja nzito zaidi. Imetoka nyepesi kuliko zote tatu! Kompyuta yangu ina jini? — Mjazaji, Nakuru*

Hakuna jini. Sauti ni mawimbi. Moja likisukuma spika mbele wakati jingine linaivuta nyuma, yanafutana, na besi ndiyo huumia zaidi. Geuza wimbi la mojawapo juu chini usikie kama uzito unarudi, au isogeze kidogo tu mpaka mianzo ikutane. Bado? Basi toa mbili. Hizo mbili kusema kweli hukuzihitaji tangu mwanzo.

*Mjomba, niuze pikipiki ninunue TR-808 halisi? — Bodaboda Msanii, Tanga*

Usiuze. Zilitengenezwa kama 12,000 hivi, kati ya 1980 na 1983, na waliobaki nazo wanazipangia bei ya kiwanja. Kisa cha kuisha kwake kinachekesha: sehemu ya mlio wake ilitokana na transista zenye kasoro, ambazo Roland walizinunua makusudi. Viwanda vilipojifunza kutengeneza transista nzuri, mbovu zikakosekana, na mashine ikafia hapo. Sauti zake lakini zimesharekodiwa na watu chungu nzima, nyingine hutolewa bure kwa ridhaa ya waliozirekodi. Pikipiki inakulisha, 808 itakutaka umeme.

*Mjomba, shikamoo. Mume wangu anapiga "du, du, du" moja hiyo hiyo usiku kucha. Anasema anaitafutia ngumi. Vyombo vinatembea kabatini, mtoto halali, mwenye nyumba ameshakuja mara mbili. — Mke wa Prodyuza, Kisauni*

Marahaba, bibie. Mpelekee mumeo maneno haya nikiwa upande wako kabisa. Sauti ikipandishwa sana sikio husikia besi nyingi kuliko ilivyo kawaida, na kila kiki inaonekana shujaa. Ashushe mpaka aweze kuongea nawe bila kupaza sauti. Kiki ikiendelea kusikika mbele ya vingine katika kimya hicho, ina ngumi. Ikipotea, haikuwahi kuwa nayo, ilikuwa inaazima ya spika. Kisha aitazame besi yake: pengine inalia wakati uleule na kiki, sehemu ileile ya chini. Aifundishe besi kunywea kila kiki inapopiga, kompresa inafanya kazi hiyo. Akikataa, zima swichi ya ukutani. Hilo nalo ni suluhisho la kitaalamu.

*Mjomba, kuna rekodi ya zamani ina ngoma tamu. Rafiki anasema nikate tu, mwenyewe hatajua. — Mkasi, Temeke*

Mwambie rafiki yako habari za Gregory Coleman, mpiga ngoma wa The Winstons. Mwaka 1969, ndani ya "Amen, Brother", alipiga peke yake kwa sekunde sita au saba hivi. Kipande hicho kimekatwa na kubandikwa kwenye nyimbo maelfu, muziki wa jungle wa Uingereza umesimama juu yake, na Coleman alifariki 2006 bila kuona malipo yake. Waliokikata nao huenda walisema mwenyewe hatajua.

Wewe una simu, na Temeke haikosi mpiga ngoma. Mtafute, mlipe, mkubaliane kwa maandishi, mrekodi mahali pasipo na mwangwi. Roger Linn naye alianzia kwenye ngoma halisi kwa mashine yake ya ngoma ya LM-1 ya mwaka 1980: alizirekodi, akaziingiza kwenye chipu. Ukishapata pigo moja safi, likate mwanzo wake vizuri na utakuwa na sauti ambayo hata Tajiri wa Folda kule Mbagala hana.

Wasomaji, endeleeni kuandika. Ila barua itakayoambatanishwa na kiki zaidi ya tatu haitafunguliwa.