Utukufu wa Kidole Kimoja

Wazee wetu wamesifu mnazi kuanzia mzizi hadi kuti la juu, wamesifu majahazi, masultani, tambuu na wanawake waliowakataa. Deni moja limebaki. Hakuna malenga aliyekaa kitako akakisifu kidole cha shahada cha Hulk Hogan, kama kilivyoonekana kwenye runinga usiku wa Jumatatu, 4 Januari 1999, katika ukumbi wa Georgia Dome, mjini Atlanta. Nimejitwika mimi kazi hiyo, na ninayo haki. Mpwa wangu, kijana mwenye busara katika mambo mengine yote, hukusanya vipindi vya zamani vya mieleka, na kila akinitengenezea simu malipo yake ni mimi kukaa naye tukitazame kimojawapo mwanzo hadi mwisho, kisha nitoe maoni. Kipendacho roho yake kinaitwa Nitro. Kina saa tatu. Na simu yangu ni mbovu sana.

Kwa waliosalimika, habari ni hii. Kampuni ya mieleka ya WCW, iliyokulia chini ya mbawa za tajiri Ted Turner, ilianza kurusha Nitro Septemba 1995, kila Jumatatu usiku, ili kupambana na Raw, kipindi cha WWF ya Vince McMahon. Kwa wiki 83 mfululizo, hadi Aprili 1998, Nitro ndiyo iliyotazamwa zaidi. Kisha mambo yakaanza kulegea, na tegemeo likabaki kwa jitu moja lenye upara, jina lake Goldberg, ambaye aliwahi kuchezea timu ya kandanda ya Kimarekani ya Atlanta Falcons. Goldberg hakuwa mtu wa maneno. Aliingia, akamwinua mtu, akamshindilia chini, akaenda zake. Julai 1998, katika ukumbi huohuo wa Georgia Dome, alimnyang'anya Hogan mkanda wa ubingwa. Tarehe 27 Desemba akaupoteza kwa Kevin Nash, kwa kuwa rafiki wa Nash alipenyeza kifaa cha kumpigia shoti ya umeme. Marudiano yakatangazwa: Nash na Goldberg, na safari hii nyumbani kwa Goldberg. Watu zaidi ya 38,000 wakaja.

Fadhila ndogondogo za kipindi hiki nitazipitia haraka, zisije zikaionea wivu ile kubwa. Kinafundisha hisabati: Goldberg aliposhindwa alikuwa amehesabiwa ushindi 173, na waliokuwa wakimfuatilia kwa kalamu na karatasi wanajua kwamba hesabu hiyo ilikua kwa kasi kuliko mapambano yenyewe. Kinafundisha subira, maana katika saa tatu hizo mieleka ni haba na majigambo kwenye kipaza sauti ni tele. Kinafundisha hata mwenendo wa mashauri ya jinai. Goldberg anakamatwa na polisi ndani ya jengo kwa tuhuma za kumfuatafuata Miss Elizabeth, mhusika mwingine wa kipindi, anapelekwa kituoni, mlalamikaji anabadilisha maelezo kila anapoulizwa, na kesi inakufa kabla kipindi hakijaisha. Mimi nina shauri la mpaka wa kiwanja ambalo limeshazika mashahidi wawili. Natazama kwa husuda.

Sasa kidole.

Kwa kuwa Goldberg yuko kituoni, Nash anamtaka Hogan badala yake. Hogan huyu alikuwa ameshatangaza kustaafu Novemba iliyotangulia, kwenye kipindi cha Jay Leno, na papo hapo akasema atagombea urais wa Marekani. Kustaafu kwake hakukudumu. Anapanda ulingoni. Bingwa Nash, mtu wa karibu futi saba, anasimama mbele yake. Wanazungukana. Nash anamsukuma mpaka kwenye kona. Hogan anavuta mkono nyuma kama anayetaka kuachia ngumi, halafu anaighairi ngumi ile na kumgusa Nash kifuani kwa ncha ya kidole. Nash anaruka kinyumenyume, anatua chali, miguu huku na mikono kule. Hogan anamlalia. Refa anapiga sakafu mara tatu. Ubingwa wa dunia umehama.

Tafakari, msomaji, uwekevu wa tendo hili. Wanamieleka wengine wanahitaji meza za kuvunjiana, viti vya chuma, ngazi, nyaya, machela nje ya pazia. Kidole hakihitaji chochote ila mwenye kidole. Hakuna aliyetenguka bega, hakuna aliyeshonwa, fundi wa ulingo hakukaza kamba hata moja kesho yake. Tangu binadamu aanze kupigana, juhudi yote imekuwa kupunguza jasho: mwenye rungu akazidiwa na mwenye mkuki, mwenye mkuki na mwenye uta, mwenye uta na mwenye bunduki, na mwisho wa safari yote hiyo ni ncha ya kidole cha mstaafu mwenye masharubu meupe. Mbele yake sioni hatua nyingine isipokuwa kukonyeza. Tazama pia nguvu yenyewe. Nash alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 130, akaondoka ardhini kwa kidole kimoja. Kwa kiwango hicho tembo angehitaji vidole vitatu, na jengo zima mikono miwili na kikohozi kidogo. Novemba 2017 wenyewe waliiangusha Georgia Dome kwa baruti. Ubadhirifu mtupu. Hogan alikuwa bado hai.

Na sisi wa mwambao tunalo la kulinganisha. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi zetu, alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, akiwa usingizini, na mwanawe wa kumzaa. Pamoja na hayo aliinuka, akachukua uta, akaenda kisimani, akapiga goti huku mshale umeelekezwa, akafa hivyo hivyo, na mji mzima ukakaa na kiu kwa kuogopa kumkaribia maiti. Ndiyo tabu ya mashujaa wa zamani, hawakujua kukubali yaishe. Nash hakuwa na ukaidi wa namna hiyo. Hakuchomwa, hakuviziwa, hakusalitiwa na damu yake. Aliguswa, akaona inatosha. Watu wa mji ule wangekuwa na bahati ya kuwa na adui kama huyo, wangeteka maji saa ileile.

Kidole kilileta pia amani. Hogan na Nash walikuwa kila mmoja akiongoza mrengo wake wa kundi la wanamieleka la nWo, na watazamaji walikuwa wamelishwa uhasama wao kwa miezi. Baada ya kidole wanakumbatiana, wanacheka, wapambe wanajaa ulingoni. Goldberg anafika mbio kutoka kituoni, anawachapa wawili watatu, na hapo mwanamieleka mwenzake, Lex Luger, anamgeuka. Wanamfunga pingu kwenye kamba za ulingo, wanampiga shoti ya umeme, wanampaka rangi mgongoni. Katika mji wake. Mbele ya watu waliokata tiketi kumwona yeye.

Huwa nafika hapa na sifa zinanikwama kooni. Kuna jirani yetu ambaye kila akipita akatukuta tumekaa husimama mlangoni na kuuliza, "Hivi ninyi watu wazima hamjui kwamba yale ni maigizo?" Tunajua. Walijua na wale 38,000. Mtu anakata tiketi ya maigizo akijua ni maigizo, na ndiyo maana akionyeshwa pazia tupu saa tatu nzima ana haki ya kudai pesa yake. Waliodanganywa usiku ule hawakudanganywa kwamba ngumi ni za kweli. Waliambiwa watapewa pambano, na walioliandaa wakakaa wakakubaliana kuwacheka kwa kulisubiri.

Ya kidole ningeweza kuyasamehe. La mtangazaji linanitia uchungu hadi leo. Usiku huohuo, kwenye Raw, Mick Foley alikuwa anatwaa ubingwa wa WWF kwa mara ya kwanza. Raw ya wiki ile ilikuwa imesharekodiwa siku sita kabla, Worcester, Massachusetts, kwa hiyo matokeo yalijulikana. Mkuu wa WCW, Eric Bischoff, akamwagiza mtangazaji wake Tony Schiavone ayatoe hewani: msihangaike kubadilisha chaneli, anayeshinda huko ni Foley. Schiavone akaongeza kwa kejeli kwamba eti hilo ndilo litakalojaza viti. Watazamaji wakasikia, wakashika rimoti. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni laki sita waliohamia dakika zile, kwenda kumwona huyo asiyejaza viti. Raw ikamaliza na 5.7 dhidi ya 5.0.

Na Foley huyo ni nani? Ni mtu ambaye Machi 1994, mjini Munich, akiwa mwajiriwa wa WCW hiyohiyo, alinaswa kichwa kwenye kamba za ulingo akipambana na Vader, akapoteza sehemu kubwa ya sikio la kulia, na akaendelea kupigana. Sikio! Kampuni ilichukua sikio la mtu katika kazi yake, na miaka mitano baadaye ikamtuma mtangazaji amdhihaki kwamba hana mvuto, usiku uleule wa kumlipa fedha nene bwana mwingine kwa kunyoosha kidole. Hapa hata mpwa wangu hunyamaza, naye si mtu wa kunyamaza.

Nirudi kwenye sifa, maana nimepotoka. Wapo wanaosema kidole kile ndicho kilichoiua WCW. Ni kukionea. Nitro ilishaanza kupitwa miezi karibu tisa kabla. Baada ya kidole kampuni iliishi miaka miwili mingine, ikabadilisha waandishi, ikapoteza mamilioni ya dola, mpaka wakubwa wapya wa shirika mama wakaamua hawataki mieleka kwenye chaneli zao. Machi 2001 ikauzwa kwa McMahon, yuleyule mshindani, na Nitro ya mwisho ikarushwa tarehe 26 mwezi huo kutoka Panama City Beach, Florida. Kidole hakikuweka saini popote. Kilichoweka saini ni mkono mzima: mkataba wa Hogan ulikuwa na kipengele kinachompa kauli ya mwisho juu ya kila kitakachompata ulingoni. Nani ashinde, nani aanguke, yeye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kusema hapana. Watu wa ngazi zote waliokuwa wakilipwa kuulinda mchezo waliukuta mlango umefungwa kutoka ndani, wakaondoka zao wakiuita utaratibu. Namheshimu Hogan kuliko hao. Yeye alifanya alichoandikiwa.

Kichekesho ni kwamba Jumatatu hiyohiyo, kaskazini huko Minnesota, Jesse Ventura, aliyewahi kuwa mwanamieleka na baadaye mtangazaji wa mieleka, alikuwa akiapishwa kuwa gavana. Alikuwa amegombea nje ya vyama viwili vikubwa, akawapiku wagombea wa vyote viwili, kwa kura zilizopigwa na kuhesabiwa. Ukitaka kuona mwanamieleka aliyeshinda kwa haki siku ile, ulipaswa kuangalia taarifa ya habari.

Mpwa wangu hucheka kila Nash anapoanguka. Mimi nimeacha kucheka tangu mkutano mkuu wa saccos yetu. Kulikuwa na wagombea wawili wa uenyekiti: mwenye kiti, ambaye amekikalia hadi kimechukua umbo lake, na mpinzani aliyekuwa akitupitia nyumba kwa nyumba kutueleza ni ndugu wa nani waliokopeshwa bila dhamana. Tulijaa. Kina mama wa sokoni walifunga meza zao siku ya mauzo. Karatasi za kura zilikuwa zimechapishwa kwa rangi, kwa pesa zetu. Mpinzani akaitwa mbele, akapewa kipaza sauti, akasema kwamba kwa maslahi ya umoja na mshikamano amejitoa. Mwenyekiti akasimama, akamgusa begani. Mguso mdogo tu. Hakuanguka, nampa haki yake, ila haikuchukua muda akatokea kwenye kamati ya mikopo. Nash angalau aliruka.

Mzee mmoja wa nyuma akainua mkono kuuliza karatasi za kura zifanyiwe nini. Katibu akamjibu kwamba swali ni zuri sana na chakula kiko tayari.

Ilikuwa pilau, na nyama ilitosha. Atlanta hawakupewa hata pilau.