Nani Kapotea?

Meli ndogo imetia nanga nje ya Kilindoni, Mafia. Abiria wake wamevaa kofia za kwenda kuvumbua dunia, ingawa chakula cha mchana ni saa saba kamili. Wanamsaka papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye kuanzia Oktoba huja kujilia vijidudu vya bahari hapo hapo mlangoni pa wavuvi. Mwongozaji, mgeni kama wao, anawafundisha jina lake la Kilatini. Mgongo wenye madoa meupe ukaibuka. "Tumempata!" wakashangilia.

Kando yao ngalawa. Mzee anafua maji kwa kopo la rangi.

"Kwani nani kapotea?"

Akaoneshwa.

"Aa, huyo! Asubuhi kanichania nyavu."