Shahada Kabatini

Katika nchi ya Marekani, ambako baadhi yetu tuliotoka Tanga tumetupwa na riziki, kuna kazi nyingi ambazo mtu huachiwa azifanye miaka na dahari bila ya shahada, mradi asidai mshahara wa kazi hizo. Mimi hufanya zamu ya usiku katika nyumba moja ya kulelea wazee mjini Columbus, Ohio, na kwa muda mrefu ndiye niliyekuwa nikipanga zamu za wenzangu, nikisuluhisha ugomvi wa nani kamwachia nani usafi wa jiko, na kumwandikia msimamizi wetu taarifa ambazo yeye huzitia saini asubuhi kwa kalamu nzuri. Lakini kila nafasi ya usimamizi ilipotangazwa, tangazo lilitaka mtu mwenye shahada ya kwanza, ya fani yoyote ile, na aliyeipata mara ya mwisho alikuwa kijana mmoja muungwana mwenye shahada ya kupuliza tarumbeta. Sina husuda naye. Yeye mwenyewe, kwa insafu kubwa, ndiye aliyenifungua macho usiku mmoja tukinywa chai: shahada haiulizwi ili ijulikane unajua nini, bali ili ijulikane kwamba unayo.

Shahada ya kwanza ya Marekani ina uzito wa krediti 120, na kozi ya kawaida huwa na krediti tatu. Mke wangu, ambaye ni hodari wa hesabu kuliko watu wengi wanaolipwa kwa kuhesabu, aliketi mezani na daftari la matumizi, akapata kozi 40, akazipanga mojamoja kwa muhula, kwa kuwa mtu wa zamu ya usiku hawezi kuhudhuria zaidi ya hiyo bila kusinzia mbele ya mwalimu, akajumlisha ada, akaifuta, akaijumlisha tena kwa matumaini kwamba alikosea, kisha akafunga daftari na kusema: "Baba watoto, wajukuu zako ndio watakaokupigia vigelegele, na deni watalirithi wao."

Kumbe ziko njia za mkato zilizo halali. Mwanzoni mwa miaka ya sabini viliasisiwa vyuo vya watu wazima, mathalani Excelsior cha New York mwaka 1971, Thomas Edison cha New Jersey mwaka 1972 na Charter Oak cha Connecticut mwaka 1973, ambavyo kazi yao kubwa si kukuweka darasani, bali kukusanya elimu uliyoiokota huku na huku, kuipima, na kukuambia umebakiwa na nini. Na tangu mwaka 1967 upo mtihani uitwao CLEP, ambao mtu kwa kawaida huketi dakika 90 mbele ya kompyuta, akachagua jibu moja kati ya kadhaa, na akipata alama 50 katika kipimo kinachoanzia 20 na kuishia 80, vyuo vingi humhesabia kana kwamba amesoma kozi ya muhula mzima. Ada ya mtihani mmoja ni kama dola 100 hivi, na kuna jumuiya ya hisani, Modern States, ambayo hufundisha bure kwa mtandao na kukulipia ada ukimaliza masomo yake. Nilipomsomea mke wangu habari hizi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama haya ni ya serikali au ni ya yule rafiki yangu aliyeniuzia gari.

Wako watakaosema kwamba elimu ya namna hii ni bidaa. Hasha. Masheikh wetu wa pwani hawakumpa mwanafunzi ijaza kwa sababu ya miaka aliyokaa akipepea nzi msikitini, bali kwa kukisoma kitabu mbele ya mwalimu hata mwalimu akaridhika. Chuo Kikuu cha London nacho, tangu mwaka 1858, kiliufungua mlango wa mitihani yake kwa watu wasiohudhuria masomo yake, na marehemu Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, mwaka 1989, angali mfungwa. Hii ndiyo hoja ambayo mke wangu huitoa kila ninapodai kwamba siwezi kusoma kwa sababu ya kelele za watoto.

Basi nikajiandikisha katika kimojawapo cha vyuo hivyo, nikaanza na historia. Kazini alikuwapo bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye usingizi ulikuwa umemhama zamani, na ambaye saa tisa za usiku alinitaka nivute kiti karibu na kitanda chake anihoji. Alikuwa na majibu sahihi ya maswali yote na kinyongo na marais wote. Ilinibidi nijifunze mambo mawili kwa pamoja, yaani lile ambalo mtihani unalitaka na lile ambalo lingemwezesha bibi yule kulala kabla ya alfajiri, na mara nyingi hayakupatana.

Somo la jamii lilinitia mashakani zaidi. Kitabu kilisema kwamba familia ya msingi ni baba, mama na watoto, nami nililisoma neno hili katika nyumba iliyokuwa na baba, mama, watoto, shemeji, mama mkwe, na mpwa wa jirani yetu wa Mombasa aliyekuja kulala siku mbili wakati wa kiangazi na theluji ikamkuta palepale. Somo la masoko, kwa upande mwingine, lilikuwa ni hidaya tupu. Wataalamu wameandika vitabu vizito kueleza kwamba biashara husimama juu ya bidhaa, bei, mahali na utangazaji. Lakini mimi nilikulia Ngamiani, Tanga, ambako muuza kahawa alipita baada ya sala ya laasiri na dele lake juu ya makaa, akivigonga vikombe viwili vidogo kwa vidole vya mkono mmoja hata vikalia kwa mdundo, na watu wazima waliokuwa wakibishana juu ya siasa za dunia wakanyamaza ghafula na kupapasa mifukoni. Yule mzee aliyajua yote manne, na la tano pia, ambalo halikuulizwa: asiye na senti leo anyweshwe, maana kesho atakuja na jamaa zake.

Nilipokuwa nikiendelea hivyo, mshauri wangu wa chuo aliniandikia kwamba hata lugha hupimwa, na kwamba Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za kigeni ambazo mtu aweza kuzipatia krediti. Nyumba nzima ilifurahi. Mtu aliyezaliwa Tanga kulipwa kwa kusema Kiswahili, ilhali mama yake alikuwa akimchapa kwa kusema mno! Mtihani wenyewe ni mazungumzo ya simu: mtahini hupiga kutoka jimbo jingine, maneno yote hurekodiwa, muda hauzidi sana nusu saa, na sharti kuu ni kwamba mtahiniwa awe peke yake, asisemeshwe wala asisemeshe mtu mwingine. Kwa kuwa hapakuwa na chumba nyumbani mwetu kilichoweza kutimiza sharti hilo, niliingia katika kabati la nguo, nikaketi juu ya sanduku la viatu, nikavuta mlango, na majoho ya mke wangu yakaniangukia mabegani.

Mtahini alikuwa bibi mwenye sauti ya upole na lafudhi ya bara. Tuliamkiana, nikamweleza habari za kwetu, za kazi, za wazee, na mambo yakaenda kwa salama hata aliposema: "Sasa tuigize. Wewe ni mgeni hotelini. Umelala usiku wa jana, na chumba hakikuwa na maji ya moto. Mimi ni karani wa mapokezi. Nilalamikie."

Sasa, mtu wa pwani aweza kulalamika, lakini si mara moja. Nilianza kwa kumwamkia yule karani, nikamuuliza hali yake na ya aila yake, nikampa pole ya kazi, nikausifu upana wa ngazi zao na ukarimu wa bawabu, nikamhakikishia kwamba sikuja kwa shari. Naye, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, alinijibu salama baada ya salama, akanikaribisha, akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia, akasema karibu sana, nikasema starehe. Na dakika zikapita pasipo maji kutajwa. Hatimaye akauliza, kwa taadhima na kwa sauti ya mtu anayetazama saa: "Je, bwana, hakuna jambo lolote ambalo halikukuridhisha?"

Nikafahamu kwamba krediti zinaponyoka. Nikapaza sauti, nikakusanya kila neno zito nililolijua, nikasema: "Bibie, nimeghadhibika! Usiku wa jana nimelala katika hoteli yenu, mimi na mwenzangu, tumelipa fedha taslimu, na alfajiri mwenzangu ameoga maji ya baridi hata meno yakamgongana. Je, hii ndiyo hishima ya wageni?"

Mlango wa kabati ukabishwa.

"Mkwe wangu," ilisema sauti ya mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kuweka nguo zilizopigwa pasi, "hoteli ipi hiyo?"

Sharti lilikuwa sharti. Sikujibu. Na ukimya wa mkwe mbele ya swali kama hilo, katika baraza lolote la kina mama kutoka Tanga hadi Columbus, hauhitaji tena shahidi. Nikasikia kandambili zikiondoka kwa haraka, kisha zikirudi pamoja na nyingine. "Jana si alisema yuko zamu?" "Ndivyo alivyosema." Wakati huohuo mtahini, ambaye hakujua lolote, aliniuliza: kama ningekuwa waziri wa elimu, ningebadili nini? Nikajadili sera ya elimu gizani, huku hatima yangu ikijadiliwa nuruni, na nadhani hakuna mtahiniwa aliyewahi kusema "laiti ningalijua" kwa uchungu wa kweli kama nilivyosema mimi.

Nilipotoka, mke wangu, dada yake na mama yao walikuwa wameketi kitandani kwa mpango wa mahakama. Niliwaonyesha barua ya chuo, nikawaeleza kwamba hoteli haikuwapo, maji hayakuwapo, na hata kule kukosekana kwa maji hakukuwapo. Walikubali hoteli. Walikubali maji. "Na huyo mwenzako?" akauliza mke wangu. Nikasema nilimtia ili sentensi ipate uzito. Shemeji alicheka, jambo ambalo halikunisaidia. Na haikutulia nyumba mpaka muuguzi wa zamu alipopigiwa simu na kushuhudia kwamba usiku wa jana, tangu saa nne hadi alfajiri, nilikuwa nikiwageuza na kuwaosha wazee vitandani, tena kwa maji ya moto tele.

Matokeo yalikuja baada ya siku kadhaa: daraja moja chini ya ile ya juu kabisa. Krediti nilizopata zilikuwa fungu nene, na mke wangu alizipokea kwa kuzifutia kozi kadhaa katika daftari lake. Lakini mama mkwe aliliona jambo hilo kuwa ni fedheha ya mji mzima. Alinitaka nimrudilie mazungumzo yote tangu mwanzo, akasikiliza macho yamefumbwa, akasema kosa liko kwenye meno, kwamba mtu aliyefunzwa hatangazi meno ya mwanamke kwa karani wa hoteli, na kwamba salamu zilitosha lakini hazikumuuliza karani habari za wazazi wake.

Tangu hapo fikira ya kupimwa yeye pia imemwingia. Yeye alisoma Kurani na shule hadi darasa la nne, na kila jioni huniuliza upya, nami humweleza upya, kwamba ziko ada, ziko fomu, liko somo la mwisho la lazima ambalo hata mimi sijalimaliza, tena kwa Kiingereza. Hayo yote huyaona ni mambo madogo ya makarani. Kwake lililo kubwa ni kwamba kuna watu wanaotoa krediti kwa nusu saa ya maneno, na amekwisha kukokotoa, kwa msaada wa mke wangu na lile daftari, ni nusu saa ngapi amezisema bure maishani mwake. Amekubali kupigiwa simu, kwa masharti mawili: mtahini aanze kwa shikamoo, na hoteli atakayopewa yeye iwe na maji ya moto.