Mwongozo wa Mseja Anayevukia Busia

Msafiri usiye na mke wala mume, kabla hujafika mpaka wa Kenya na Uganda tazama The Lobster, filamu ya Mgiriki Yorgos Lanthimos iliyopata Tuzo ya Majaji huko Cannes mwaka 2015. Humo, kukosa mwenzi ni kosa. David, aliyeachwa na mkewe, anapelekwa kwenye hoteli moja na kupewa siku 45 apate mchumba. Zikiisha bure, anageuzwa mnyama. Mnyama anajichagulia mwenyewe, maana hata ukatili siku hizi una huduma kwa wateja. Wahakiki wa ng'ambo waliiita kichekesho cha ajabu. Ukiitazama Busia utadhani ni taarifa ya habari.

Katika filamu, polisi wa mjini humsimamisha mtu aliye peke yake na kumdai vyeti vya ndoa. Serikali zetu ni pole zaidi. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho tu, na tangu Kenyatta na Museveni wazindue rasmi kituo cha pamoja cha Busia, Februari 2018, unakaguliwa mara moja, upande unaoingia. Usidanganyike. Afisa ataridhika na kitambulisho, lakini mama aliye nyuma yako kwenye foleni hataridhika. Atakuuliza kwenu ni wapi, kisha una watoto wangapi. Swali la kama umeoa amelipita bila kuligusa. Ukijibu huna, atakupa pole, halafu atakutajia binti ya dadake, mwalimu wa shule ya msingi ng'ambo ya mpaka. Usiseme utafikiria, kwa sababu ukisema hivyo umeshaposa. Wala usitegemee mpaka ukukinge: Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, na shangazi hahitaji muhuri.

Siku ya kwanza hotelini, David anafungwa mkono mmoja mgongoni ili aone maisha yalivyo mepesi vitu vikiwa viwili viwili. Busia hufundisha somo hilo bila pingu. Jaribu kushika begi, kitambulisho, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na noti za Uganda ambazo mbadilishaji pesa anakuhesabia huku akiongea na mteja mwingine. Hapo hata mimi ningeoa.

Wafanyakazi wa hoteli huigiza pia: mwanamume anakula peke yake, anapaliwa, anakufa, anakula na mke, anaokolewa. Igizo hilo litazomewa Malaba, mji mwingine wa mpaka huu. Kwenye vibanda wanakokula madereva wa malori, meza ya mtu mmoja haipo. Utaketishwa na watu watatu usiowajua, na ukipaliwa wote watakupiga mgongo. Tena watu wa Malaba wanajua uchumba mrefu: reli ya SGR waliyoahidiwa ilifika Naivasha mwaka 2019, ikakaa huko miaka, wao wakingoja.

Ukimkubali yule mwalimu, piga hesabu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka notisi ya siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa ya kiserikali, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ukitoa 21 kwenye 45 za hoteli, unabaki na 24 za kutafuta mlichofanana, kwa kuwa wapenzi wa Lanthimos lazima wawe na ila moja. Kijana anayechechemea hujigonga pua mpaka itoke damu ili afanane na msichana anayetokwa damu puani. Usimcheke. Nimeona wanaume walioanza kupenda nyimbo za injili ghafla, sababu ikiwa imesimama safu ya mbele ya kwaya. Na wenzi wa hotelini wakizozana, uongozi huwapa mtoto awapatanishe. Shangazi zetu wameiandika dawa hiyo miaka mingi.

Ukichoshwa na haya, usikimbilie msituni kwa wapweke wa filamu. Huko mapenzi ndiyo marufuku: kila mtu hucheza muziki wake masikioni, peke yake, na hujichimbia kaburi lake mapema. Magharibi ya Kenya kaburi huchimbwa na vijana wa kijiji, na usiku kuna disko matanga. Muziki unapigwa, wachezaji wanachanga pesa za maziko, na mapenzi yanaanza hatua chache kutoka kwenye jeneza. Serikali imelipiga marufuku mara nyingi kwa ajili ya mimba za wasichana wadogo, na katika hilo ina haki, lakini limefufuka kila mara. Lanthimos hajabuni kejeli inayolifikia hili: kapera anakufa, na matanga yake yanawapatia wengine wachumba.

Kuhusu mnyama, jichunge. David alichagua kambakoche kwa vile anapenda bahari na kambakoche huishi miaka mingi. Kaunti ya Busia haina bahari, ina ziwa kule Port Victoria. Usichague kuku, maana kwa Waluhya mgeni akibisha hodi wewe ndiwe mezani. Mbuzi ataishia kwenye mahari ya mtu mwingine, jambo la kuuma kwa mseja. Ningekushauri samaki mbuta: aliletwa ziwani akiwa mgeni, akawala wenyeji, na leo anakwenda Ulaya bila viza, ingawa akiwa minofu.

Filamu hii usiipeleke kwenye kibanda cha video. Watazamaji wa mpakani wamelelewa na akina VJ Jingo wa Kampala, wanaosimulia filamu kwa Kiganda, na DJ Afro wa upande huu, kwa Kiswahili cha mtaani. Waigizaji wa Lanthimos hutongozana kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya umeme. Msimulizi hatauvumilia ukavu huo. Atawatia hisia, nayo itakuwa filamu ya mapenzi ya kawaida. Tena inaisha David yuko chooni mgahawani, kisu mbele ya jicho ili awe kipofu kama mpenzi wake, na hatuambiwi kama alijitoboa. Watu watadai pesa zao. Itazame kwenye simu, peke yako, na jirani wa kiti akiuliza unaangalia nini, mwambie ni mpira.