Tanuru Mezani, Wageni Mlangoni

Tanuru la kuyeyushia mawe ya chuma lenye urefu wa mita 60, ukilipunguza mara 87, linabaki sentimita 69. Hesabu hiyo mume wangu aliiandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo, na ndiyo iliyotunyang'anya meza ya kulia. Mara 87 ni kipimo kinachopendwa na wajenzi wengi wa reli ndogo duniani. Kwa kipimo hicho nyumba inakaa kiganjani na kituo cha treni kinaenea kwenye sinia. Kiwanda cha chuma hakikubali kudogoshwa hivyo. Jengo ambamo chuma cha moto kinabanwa kuwa nondo, likiwa la mita 300, bado linadai karibu mita tatu na nusu za ubao, na hapo hujaweka tanuru, minara ya kupashia hewa moto, yadi ya makaa wala reli yenyewe. Marekani, alikokuwako Dean Freytag aliyejenga viwanda vya chuma vidogo na kuviandikia kitabu, wengi huegemeza nusu ya jengo ukutani, nusu nyingine wakaiacha kwa mtazamaji aikamilishe kichwani. Mume wangu hakutaka nusu ya kitu.

Ni fundi umeme. Amefanya kazi Tororo miaka mingi, akarudi kwetu Masafu, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, na mkono uliozoea bisibisi na akili isiyotulia bila mradi. Wazo lake nililielewa siku aliyonieleza, na tangu siku hiyo nimelitetea mbele ya majirani na mbele ya dada zake. Milima ya Usamia ina mawe ya chuma. Tororo ina mawe ya chokaa, na chokaa ndiyo inayokamata uchafu tanuruni ili chuma kibaki safi. Reli nayo ipo: ilivuka Malaba, ikapita Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Jinja, katika miaka ya 1960, akina Madhvani walikuwa na kiwanda kilichoyeyusha vyuma chakavu. Lakini tanuru refu la kuanzia kwenye jiwe lenyewe, linalokula tani moja na nusu na zaidi za mawe pamoja na karibu nusu tani ya makaa ya mawe yaliyookwa ili litoe tani moja ya chuma, hilo aliliona lingekaa vizuri penye reli ya Tororo. Kilichokosekana ni makaa ya mawe. Basi akaamua kulijenga nyumbani, treni zikiingia upande mmoja na mawe mekundu, zikitokea upande wa pili na nondo.

Wa kwanza kumuunga mkono alikuwa mama mkwe, ambaye watoto wanamwita Nyanya na sasa sote tunamwita hivyo. Wasamia walikuwa wahunzi kabla reli haijafikiriwa. Walichimba mawe kwenye milima yao, wakayeyusha kwa makaa ya miti na mivukuto ya ngozi, na majembe yao yalifika mbali, mpaka kwa Waluo, yakalipiwa hata mahari. Nyanya alizisikia habari hizo kwa wazee wake akiwa mtoto. Alipoona mwanawe anachora tanuru, hakuuliza la kazi gani. Aliuliza hewa itaingilia wapi.

Vifaa vilitoka humu humu nyumbani na barabarani. Mwili wa tanuru ulikuwa bomba la plastiki la maji machafu. Minara mitatu ya hewa moto ilikuwa makopo ya nyanya yaliyobandikwa vifuniko vya mpira. Mabomba membamba yalikuwa njiti za baiskeli, na hizo hazikosekani kwetu, maana bodaboda zilizaliwa mpakani hapa, za baiskeli, watu wakivushwa na mizigo yao kutoka Busia ya Uganda kwenda Busia ya Kenya. Njiti hizo hizo alizisugua kwa tupa mpaka zikawa na mgongo bapa, akazilaza juu ya vijiti vya kiberiti, milimita 11 na nusu kati ya moja na nyingine. Hiyo ndiyo mita moja ya reli yetu ya zamani, ikigawanywa kwa 87. Injini alichonga ya mti, mfano wa Garratt za daraja la 59, zile 34 zilizoundwa na Beyer Peacock kule Manchester kuanzia mwaka 1955, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252. Ya kwetu ina sentimita 36 na nusu na inasukumwa kwa kidole. Ukiinama mpaka jicho likawa sawa na ubao, unaiona ikikunja kona mbele ya makopo yale, na makopo yanakuwa marefu kuliko nyumba yoyote ya Masafu. Nimeinama hivyo mara nyingi, sufuria ikiwa jikoni.

Sasa wifi yangu mdogo akapata mchumba, na wageni wa posa wakapanga kuja kwetu.

Meza ilikuwa moja. Nilimwambia mume wangu, "Baba, wageni watalia wapi?" Akanijibu kwamba kiwanda kitahamishwa, imebaki tu amalizie yadi ya mawe. Yadi hiyo aliitaka iwe na mawe ya kweli. Alitwanga mawe mekundu ya Usamia kwenye kinu, akachekecha unga, akaumwaga kando ya reli. Ili ushike, alichanganya gundi nyeupe ya seremala na maji, akaongeza tone la sabuni ya vyombo ili maji yasikae juu ya unga kama umande bali yazame, kisha akadondoshea kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hivyo ndivyo wajenzi wa reli ndogo wanavyoshikisha kokoto kila mahali. Kazi ilikwenda vizuri sana. Unga ulilowa, maji yakazama, yakapita kwenye kokoto, yakapita kwenye maungio ya mbao za meza, yakaendelea kushuka.

Chini ya meza wifi yangu alikuwa ameweka kapu la vitambaa vyeupe vya viti, vilivyofuliwa, vikapigwa pasi, vikakunjwa kwa ajili ya wageni.

Kelele za asubuhi ile zilifika barabara ya hospitali. Madini ya chuma yakiingia kwenye pamba hayatoki kwa sabuni, na jiki huzidi kuyakoleza. Wifi alilia, mume wangu alisimama na bomba lake mkononi, mimi nikawa kati yao. Nyanya ndiye aliyeingia shambani akarudi na ndimu kwenye kanga. Tulikamulia ndimu kwenye kila doa, tukapaka chumvi, tukaanika juani, tukasuuza, tukarudia. Ukali wa ndimu unaliyeyusha doa la kutu polepole, hata ukitazama unaliona likigeuka kutoka wekundu kuwa manjano hafifu. Vingi vilisafika. Vile vilivyogoma tuliviweka kwenye viti vya wazee wanene.

Kiwanda hakikuhama. Gundi ilikuwa haijakauka, na ukiinua ubao yadi nzima ingeteleza. Nikatandika mikeka barazani kwa ajili ya chakula, meza ikabaki sebuleni, wageni wakakaa kuizunguka. Mume wangu, kwa kuwapa heshima, akaunganisha betri ya sola na balbu ya indiketa ya gari aliyoitia ndani ya tanuru ili liwake jekundu. Likawaka. Mzee wa upande wa pili akavua kofia, akasogea. Sala ya ufunguzi ilipoanza, macho ya watu wengi hayakufumbwa.

Balbu ile ni ya wati 21. Ndani ya bomba lililozibwa, joto halina pa kwenda. Tanuru la kweli hufunikwa ndani kwa matofali ya moto, na maji hupitishwa ukutani mchana na usiku, la sivyo chuma kingekula ganda lake. Letu lilikuwa plastiki tupu. Harufu ilitangulia. Kisha, mzee akiwa bado anaombea ukoo wetu, tanuru likaanza kuinama, taratibu, likaelekea upande wa mama wa bwana harusi, njiti za baiskeli zikachomoka moja baada ya nyingine na kulia kwenye ubao. Wifi yangu akaufunika uso. Mtoto wetu wa mwisho akaruka akachomoa waya.

Palikuwa na kimya. Aliyekivunja ni yule mzee aliyevua kofia. "La wazee wetu lilikuwa la udongo," alisema. Nyanya akamjibu kutoka mlangoni kwamba ndivyo alivyomwambia mwanawe tangu mwanzo. Wakaanza kubishana wawili hao, watu wasiowahi kukutana, juu ya mirija ya udongo iliyopeleka hewa tanuruni, kwamba iliingia kwa kulala au kwa kuinama, na wageni wakavuta viti. Mahari ilizungumzwa kuizunguka meza hiyo hiyo, mtu akitaja ng'ombe huku kidole kinasukuma Garratt. Sijawahi kuona posa iliyokwenda kwa upole hivyo. Wakati wa pilau walisahau kutoka kwenda barazani mpaka nilipoita tena.

Tanuru jipya Nyanya amelifinyanga mwenyewe kwa udongo wa bondeni, mwanawe akishika kipimo. Ndani tumeweka taa ya LED, isiyochoma. Nyanya alipofika chini alitoboa tundu la chuma, kisha akatoboa jingine juu kidogo, maana mavi ya chuma ni mepesi, yanaelea juu ya chuma kilichoyeyuka, yanahitaji mlango wake. Mume wangu alikuwa ameweka tundu moja tu. Yule mzee naye ametuma salamu kwamba siku ya kuleta ng'ombe atafika mapema kuliko wenzake, aone kama mlango huo umewekwa upande unaofaa.